Mashimo Yasiyokuwepo Vihingo

Picha ya Ndege, Kibaha,
Jumamosi, jioni.

Kabula mwanangu,

Hali yako sikuulizi, maana nakusikia chumba cha pili ukicheka na mama yako huku mnagombana na zipu ya begi. Mambo ya sweta, nakala za pasipoti na dawa ya tumbo ameshakwambia. Mara saba, nimehesabu. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, ambalo mtu mwingine angekwambia kwa mdomo. Juzi nilijaribu wakati unakula, nikaishia kukuuliza kama chumvi imetosha. Basi naandika.

Unaikumbuka sahani ya bati? Ile yenye maua mekundu, iliyobanduka rangi pembeni. Hiyo ndiyo ilikuwa ndege yetu. Kitambaa cha meza kilikuwa ardhi ya Vihingo, kikunjo cha kitambaa kilikuwa mto, na wewe ulikuwa umepiga magoti juu ya kiti kwa sababu ukikaa huoni juu ya meza. Nikiinyanyua sahani unaanza kunguruma wewe, mimi nikipiga kidole mezani unanyamaza ghafla na kujiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Injini imezima, Baba!"

"Imezima."

"Baba Mdogo Idrisa akakuuliza nini?"

"Akaniuliza, tutue wapi?"

"Na wewe ukamwonyesha!"

"Nikamwonyesha."

Hapo unapiga makofi, unadai irudiwe. Kuna siku nilirudia mara tisa, mpaka ugali ukapoa. Sasa una miaka kumi na tisa, umeshapata nafasi kwenye chuo cha urubani Afrika Kusini, na kwenye maombi yako, walipouliza kwa nini unataka kurusha ndege, uliandika hadithi ya sahani. Ulitusomea sebuleni huku ukitutafsiria: "Baba yangu alimwonyesha rubani pa kutua, wote wawili wakatoka hai." Mama yako alilia. Mimi nilitoka nje kwenda kuangalia kuku, na kuku walikuwa wameshafungiwa tangu saa kumi na mbili.

Kila neno la sentensi ile ni kweli, Kabula, na ndiyo maana imeniwia vigumu miaka yote hii kuibomoa.

Nikurudishe nyuma kidogo. Babu yako alitembea na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa mpaka huku Pwani mimi nikiwa mdogo, na nilikulia nyuma ya mikia yao. Jioni walipoingia zizini babu alisimama langoni na fimbo, anawasemesha mmoja mmoja: wewe mwekundu wa paji jeupe, wewe wa pembe iliyokunjika, wewe mwizi wa chumvi. Hakuwahi kuwahesabu. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Unawajua, na asipokuwepo mmoja unamwona kwa pengo lake. Kuwataja kwa idadi ni kuwaita watu wa macho mabaya. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilikuwa na kokoto mfukoni, ng'ombe akipita nahamisha kokoto moja. Siku babu alipozikuta nilichapwa fimbo sita. Hizo nazo nilizihesabu. Lakini harufu ile ya vumbi na maziwa, na sauti yake langoni, mpaka leo nikifungua gunia la pumba dukani asubuhi hunijia zote kwa pamoja, nikasimama kidogo kabla sijaanza kupima.

Nilimaliza darasa la saba, sikwenda mbele. Nikawa naandika idadi mnadani, kwa kuwa niliweza kuangalia kundi linalopita na kusema themanini na sita, na likihesabiwa kwenye uzio linakuja themanini na sita. Ndiyo sababu walinichukua wale watu wa mpango wa matumizi ya ardhi. Walikuwa wamekodi ndege ndogo ya injini moja, viti vinne, ihesabu mifugo ya Kisarawe na Kibaha kutoka angani. Walitaka jicho. Rubani alikuwa Idrisa, kijana wa Tanga, mwepesi wa maneno. Siku ya kwanza aliniona nimeshika kiti kwa mikono miwili, akasema, "Kaka, hicho kiti hakiendi popote bila sisi. Kiachie, shika kalamu." Tukawa marafiki. Ndiye aliyenifundisha kusoma mishale ya mbele yake: huu kimo, huu spidi, huu mafuta. Namba zilikuwa zangu, angani zilinifurahisha kuliko hata mandhari.

Babu hakufurahi. "Umepanda juu kabisa ili uwahesabu vizuri," aliniambia. Nilimjibu kwamba dunia imebadilika.

Siku yenyewe tulikuwa wawili ndani, yeye kushoto, mimi kulia na daftari. Wewe ulikuwa na miaka miwili na miezi minne. Tulikuwa tumeshahesabu makundi kumi na moja na tunahama kutoka upande wa kijiji cha Janga kwenda Vihingo, futi elfu moja na mia mbili juu ya miti. Injini ilikohoa mara mbili. Halafu ikanyamaza, na pangaboi likawa linazungushwa na upepo tu. Sijawahi kukwambia jambo hili: ukimya ule ulikuwa mzuri. Nilisikia upepo ukipita kwenye mbawa kama mtu anapasua kitambaa kirefu polepole.

Idrisa alishusha pua, akabadilisha tangi, akajaribu kuwasha mara tatu. Akatoa wito wa hatari redioni. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Tulikuwa na sekunde mia moja, pengine mia moja na kumi. Mbele yetu kulia palikuwa na uwanda wa malisho, mweupe wa nyasi kavu, mrefu. Kushoto palikuwa na shamba la mihogo.

Aliniuliza, "Masanja, wewe ndiye mtu wa huku. Pale peupe, chini pakoje?"

Hapa ndipo sahani yangu ilipokuwa inaruka kitu.

Mimi nilikuwa nimeshaona asichokiona yeye, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye mishale. Mwisho wa uwanda ule, chini ya kivuli cha miti, palikuwa na kundi. Nilimwona mwekundu wa paji jeupe. Nilimwona wa pembe iliyokunjika. Walikuwa ng'ombe wa baba yangu, uzao wa wale niliowachunga, na sikuwa najua kwamba wamehamia huko wiki ile, na ndege isiyo na injini haina mlio wa kuwafukuza. Nikawahesabu kabla sijajizuia. Arobaini na tatu.

Nikasema, "Pale pana mashimo."

"Mashimo ya nini?"

"Ya muhanga. Pamechimbika pote."

"Na pale kushoto?"

"Shamba. Udongo laini."

Akaamini. Kwa nini asiamini? Akageuza kushoto.

Sikusema uongo juu ya udongo. Ulikuwa laini. Lakini watu wa upande ule hupanda mihogo kwenye matuta, na matuta yalikuwa yamekatiza mbele yetu. Hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu, ila kichwani mwangu wakati ule palikuwa na nafasi ya ng'ombe tu. Gurudumu la mbele lilipita tuta la kwanza, la pili, likakwama la tatu. Ndege ikapinduka. Tulining'inia kwenye mikanda kichwa chini, miguu juu, mihogo imeingia mpaka kwenye kioo, na Idrisa anasema kwa sauti ile ile, "Mguu. Mguu wangu, kaka. Usinivute kwanza." Mimi nilipoteza meno mawili. Mguu wake wa kushoto ulisagika chini ya goti, ukaja kupona ukiwa mfupi na haukunji. Madaktari wa marubani hawakumpitisha tena. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Waliokuja kuuliza maswali niliwaambia mashimo. Imeandikwa. Vihingo waliniita kwenye mkutano wa kijiji wakanipigia makofi, mtu wa huku aliyemwokoa rubani wa watu. Niliyapokea. Mpango ule ulifungwa, nikapewa barua ya shukrani na kuambiwa kwaheri, na nikaja hapa barabarani kuanza na gunia moja la pumba na debe la kupimia. Watu wanasema nimejijenga mwenyewe, na ni kweli, sikusaidiwa na mtu hata tofali moja. Nilikuwa nafanya kazi kama mtu anayefukuzwa, wao wakaiona ni bidii.

Mtu mmoja tu nilimwambia. Babu yako alikuja kuniona hospitali, akakaa kwenye benchi na kofia yake magotini. Nilidhani nampa zawadi. Nikamwinamia sikioni: "Baba, niliwaona ng'ombe wako pale uwandani. Nikampeleka kwingine."

Halafu akauliza swali ambalo sikuwahi kumsikia akiuliza maisha yangu yote.

"Walikuwa wangapi?"

"Arobaini na tatu."

"Ng'ombe wanazaa," akasema. "Mguu wa yule mtu utazaa mwingine?"

Akavaa kofia yake akaondoka. Baada ya mwezi alimpelekea Idrisa mtamba mmoja, mweupe, mzuri kuliko wote zizini, na hakusema ni wa nini. Idrisa alidhani mzee anashukuru kwa ajili ya mwanawe. Mimi babu aliniambia hivi: "Mzigo wangu nimeutua. Wako bado. Na siku utakayokwenda kwake, usiende na ng'ombe." Amefariki sijakwenda. Nilimchukia kidogo kwa maneno yale, sitakuficha. Nilijiona nimeadhibiwa na mtu niliyemwokolea mali yake.

Nisikilize kwenye hili linalofuata, maana wewe ndiye utakayekaa kiti cha kushoto.

Mwaka mmoja baadaye nilikwenda Vihingo nikaupima uwanda ule kwa hatua. Mita mia nane. Ng'ombe walikuwa kwenye mia mbili za mwisho. Siku moja tunakunywa kahawa nikamuuliza Idrisa, kama vile nauliza habari za mpira, ile ndege yetu ilihitaji mita ngapi kusimama? Akasema, "Mia tatu. Mia nne ukizembea." Toa mwenyewe. Palikuwa na mita mia sita safi. Ningesema maneno mawili, kuna ng'ombe, angetua kabla ya kuwafikia, angeshuka kwa miguu yake miwili, na babu yako angemkaribisha maziwa. Sikuhitaji kuchagua kati ya mtu na ng'ombe. Nilimchagulia jibu mtu aliyeniomba habari. Tangu siku ile mtu akija dukani kuniuliza kuku wake wana nini, namwambia ninachokiona na ninachokijua, na kama sijui namwambia sijui, hata akiondoka kwenda duka la jirani. Wateja kadhaa nimewapoteza hivyo. Sikufundishi biashara, nakueleza tu nilivyoishi na ile hesabu.

Na wewe utakuwa na mtu kiti cha kulia. Atakuwa mtu mzuri, mcheshi, mwenyeji wa mahali. Siwezi kukwambia usimwamini, Idrisa hakukosea kuniamini. Labda muulize swali moja zaidi: umeona nini? Mimi aliniuliza pakoje, nikapata mwanya. Angeniuliza nimeona nini, sijui kama ningeweza kumdanganya. Nataka kuamini nisingeweza.

Leo asubuhi nilikwenda kwake Maili Moja. Nilimkuta barazani anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake wa tuisheni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Barazani pale pale alipokuwa anakuketisha na ufagio katikati ya magoti, "vuta taratibu, Kapteni Kabula, abiria wanakunywa chai."

"Baba Kabula! Umekuja kulia kwangu? Nyumbani unamwonea haya mkeo?"

"Idrisa, nina neno."

"Kama ni la kumpeleka binti uwanja wa ndege, gari lina mafuta. Tutakwenda wote watatu."

"Yale mashimo hayakuwepo."

Aliweka vema moja, akaweka ya pili. Ya tatu hakuimaliza.

"Mashimo gani?"

"Ya Vihingo. Palikuwa na ng'ombe wa baba."

Nikamwambia yote, na zile mita mia sita nikamwambia. Hakunikatiza. Mke wake alileta kahawa akaona nyuso zetu, akarudi nayo ndani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo yake ya kutembelea. Yeye akasema hivi:

"Unajua nimemfundisha nini mwanao? Nimemfundisha kwamba niliingia na spidi kubwa. Nimemwambia, hilo ndilo kosa la Baba Mdogo wako, usije ukalirudia. Miaka kumi na saba naitua ile ndege kitandani, Masanja. Kila siku naipunguza spidi kidogo. Na kila siku inapinduka."

Sikujua. Wallahi kama anavyosema yeye, sikujua. Miaka yote hiyo nilidhani mzigo uko kwangu peke yangu, kumbe nimemtwisha mwenzangu na yeye.

"Spidi yako ilikuwa sawa," nikamwambia.

"Unajuaje wewe? Wewe ulikuwa unahesabu ng'ombe."

"Nilikuwa naona mshale. Ulikaa sitini na tano mpaka mihogo ilipoanza kutupiga tumboni, ukashuka hamsini tulipogusa. Namba mimi sizisahau, unanijua."

Alifunga daftari la mtoto wa watu taratibu, kalamu ikiwa ndani.

"Mtoto anajua?"

"Bado."

"Ajue leo. Hawezi kwenda kule na kosa nililompa mimi, na halikuwepo." Halafu akasema, "Na kesho nitampeleka peke yangu. Wewe usije."

"Idrisa, ni mwanangu."

"Na huu ulikuwa mguu wangu."

Hakunyanyuka kunisindikiza. Njiani nilikasirika, mimi ninavyojijua. Mimi ndiye niliyekulea, mimi niliyekubeba mgongoni kwenda kliniki siku ya mafuriko, nani wa kunizuia kukushika mkono uwanjani? Nilipofika dukani nikapiga hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoiweza. Yeye amekosa kuruka miaka kumi na saba. Mimi nakosa safari ya saa moja na nusu. Sina cha kudai. Nimekubali.

Kwa hiyo kesho saa kumi na moja alfajiri utasikia gari la Baba Mdogo, na mimi sitakuwa ndani yake. Mama yako nimemwambia mchana huu. Mimi hajanisemesha mpaka sasa, ila amenipakulia chakula.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako baada ya kula. Ukitaka kuja chumbani kunigombeza, njoo, nitakuwa macho. Ukitaka kuondoka bila kuniaga, nayo naielewa, sitatoka kukulazimisha. Najua nimekuchukulia hadithi uliyoipenda, usiku wa kuamkia safari, na sina nyingine ya kukupa badala yake.

Ila nina ombi. Mkishapita mizani ya malori, barabara ikinyooka, mwambie akueleze upya namna ya kutua injini ikiwa imezima. Yote, tangu kushusha pua. Akifika kwenye spidi usimsaidie, hata akinyamaza muda mrefu. Mwache aseme mwenyewe kwamba ilikuwa sawa. Atakuwa hajawahi kujisikia akilitamka.

Baba yako,
Masanja.